KUNI USIZOZIJUA: JINSI YA KUZIPIMA KABLA YA KUZITIA JIKONI

Mkulima afyekaye shamba jipya, au anunuaye mzigo wa kuni kwa mchuuzi wa mkokoteni, mara nyingi hupata vipande vya mti visivyo na jani wala ua wala tunda, na pengine hata gome limekwisha banduka. Humwuliza jirani, "Mti gani huu?" Jirani hutaja jina. Jirani wa pili hutaja jina jingine. Wa tatu, aliyehamia kutoka wilaya ya mbali, hutikisa kichwa akasema kwamba kwao mti huo hautiwi jikoni, lakini sababu yake haijui. Jioni kuni zile hupelekwa mekoni vivyo hivyo, na mama wa nyumba ndiye apataye hasara ya kwanza, maana sufuria haichemki, naye macho yanamtoka machozi.

Katika waraka huu twataka kumwonyesha mkulima kwamba kuni zaweza kupimwa ijapokuwa jina la mti halijulikani. Vipimo vyenyewe havitaki chombo cha gharama: mikono, masikio, pua, ndoo ya maji na moto mdogo uani vyatosha. Kimoja katika vipimo hivyo kimewekwa mwisho, nacho ndicho kisichofaa kuachwa, maana kuni zaweza kuvishinda vipimo vyote vingine kwa sifa, kisha zikawadhuru wala chakula.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Si kwamba jina halina kazi. Mtu akijua kwa hakika kwamba kuni zake ni za mkwaju au za mvinje, amekwisha pata nusu ya habari. Lakini majina ya miti hubadilika kila mwendo wa siku mbili. Neno "mgunga" hutumika kwa miti mingi yenye miiba, nayo haina uzito mmoja wala haiwaki namna moja. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara ya Mashariki, alikusanya kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Mwenye kuifungua kamusi hiyo huona upesi kwamba mti mmoja waweza kuwa na majina kadha, na jina moja laweza kuwa la miti kadha. Basi ikiwa mtaalamu mwenye matawi yaliyokaushwa mbele yake hulazimika kuwa mwangalifu, sisi wenye gogo tupu tusijidai kujua.

JOTO LATOKA KATIKA UZITO

Jambo la kwanza kulishika ni hili: kilo moja ya kuni zilizokauka kabisa hutoa joto karibu sawasawa, ziwe za mpingo au ziwe za msufi. Watu wengi hawalikubali neno hili wakilisikia mara ya kwanza. Husema, "Kuni za msufi ni upuuzi, zaisha kama karatasi." Ni kweli zaisha upesi, lakini ni kwa sababu mkono mmoja wa kuni za msufi una kitu kidogo ndani yake. Mtu aliyebeba kilo kumi za msufi mkavu amebeba fungu kubwa la kumficha uso. Kilo kumi za mpingo ni vipande vichache tu. Joto lililomo katika mafungu hayo mawili halipishani sana. Miti yenye utomvu wa mafuta, kama msonobari, huzidi kidogo, lakini si ziada ya kumtajirisha mtu.

Kwa hiyo mwenye kununua kuni kwa mizani yapasa achunguze ukavu, maana asipochunguza atauziwa maji. Mwenye kununua kwa fungu, au kwa mkokoteni, yapasa achunguze uzito wa mti wenyewe, maana asipochunguza atauziwa hewa. Wachuuzi walijua jambo hili zamani, nasi wanunuzi ndio tuliochelewa.

Ziko sababu nyingine za kupenda mti mzito. Makaa yake hukaa, na mama aweza kupika maharage bila kusimama kila mara kuchochea. Mti mwepesi nao una kazi yake: huwasha moto upesi asubuhi, na kwa chai ya haraka hakuna haja ya kuchoma gogo la mkwaju. Nyumba yenye busara huweka za namna zote mbili.

MAJI YALIYOMO NDANI YA KUNI

Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu maji kwa uzito, na pengine kuzidi. Tuseme mama amekwenda porini akarudi na mzigo wa kilo 20 za kuni mbichi za namna hiyo. Amebeba kilo 10 za mti na kilo 10 za maji, njia nzima, kichwani. Kuni hizo zikikaushwa vema kwa hewa hubaki na maji kidogo, kama sehemu moja katika sita, na mzigo wote huwa kilo 12. Angaliziacha zikakauke huko huko mahali pa salama, angaliokoa shingo yake kilo 8 katika kila safari.

Hasara ya pili ni mekoni. Maji hayo hayana budi kugeuka mvuke kabla kuni hazijawaka sawasawa, na kazi hiyo peke yake hula karibu sehemu moja katika saba ya joto lote la mzigo ule. Mtu aweza kusema kwamba sehemu moja katika saba si kitu. Lakini hasara kubwa haipo hapo. Kuni zikipata moto hutoa kwanza gesi, na gesi hizo zikishika moto ndizo ndimi tuzionazo; zaidi ya nusu ya joto la kuni limo ndani yake. Moto wa kuni mbichi huwa wa baridi, gesi hazishiki, zinapanda juu zikiwa moshi mzito na kutoka kwa paa. Basi moshi si uchafu tu. Ni kuni zako zinazokukimbia kabla ya kufanya kazi.

Tena moshi huo hupita kifuani mwa watu kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani, na wenye kukaa karibu na meko ni akina mama na watoto wadogo wanaobebwa mgongoni. Kuni zilizokauka haziondoi hatari hiyo yote, lakini zaipunguza, na hazina gharama ila kungoja.

Dalili za ukavu ni hizi. Ncha za kipande hupasuka nyufa kutoka katikati kwenda nje, kama miali ya jua. Gome hulegea na kubanduka kwa ukucha. Rangi hufifia. Kipande huwa chepesi kuliko ulivyotazamia. Lakini dalili nizipendazo kuliko zote ni sauti, nami nilifundishwa na bibi mmoja karibu na Korogwe. Nilikuwa nimesimama uani kwake nikitazama nyufa za kuni na kuandika katika daftari, naye akanitazama kwa muda, kisha akachukua vipande viwili vya fungu moja akavigonga. Vikalia kwa sauti kali kama ya kigongo cha mpingo. Akachukua viwili vya fungu la pili akavigonga. Vikatoa sauti nzito iliyokufa papo hapo.

"Umesikia, mwanangu?" akasema. "Hizi zinaitika. Zile zimenyamaza."

Nikamwuliza, "Bibi, na ni za mti gani?"

Akajibu, "Mti gani sijui. Ameleta mjukuu wangu. Zitakapoitika nitazipikia."

Mwenye mizani ya kupimia mazao aweza kupata hakika zaidi. Chagua kipande kimoja katika fungu, kitie alama, ukipime kila juma siku ile ile. Siku uzito utakapoacha kupungua, fungu lile limekauka kadiri hewa ya mahali hapo iwezavyo kulikausha. Kuni nyembamba zilizopasuliwa, wakati wa kiangazi, hukauka kwa miezi miwili au mitatu hivi. Magogo mazima, au kuni za nyanda za juu zenye ukungu, hutaka muda mrefu zaidi. Kupasua ndiko kunakofungua mlango wa maji, maana gome hufunika mti kama ngozi. Zipange juu ya mawe zisiguse ardhi, kwa ajili ya mchwa. Juu ziwe na paa la kuzuia mvua, na pande ziwe wazi upepo upite. Nimeona watu wakizifunika kuni mbichi kwa turubai mpaka chini, wakidhani wanazitunza. Walipofunua walikuta ukungu mweupe.

UZITO WA MTI WENYEWE

Kuni zikiisha kauka, ndipo upimwe uzito wa mti. Kata vipande viwili vya urefu mmoja na unene mmoja, kimoja cha mti usiojulikana na kimoja cha mti uujuao vema, uvishike kimoja mkono huu na kimoja mkono ule. Mkono haukosei sana. Ikiwa wataka hakika zaidi, lete ndoo ya maji, uvitie vyote viwili kwa pamoja, utazame upesi kabla maji hayajaingia. Kipande kilichozama nusu tu na nusu kikaonekana juu kina uzito wa nusu ya maji ya ukubwa ule ule. Kilichozama karibu chote kikaonyesha mgongo tu, hicho ni kuni ya kukaa na kukesha nayo. Moyo mweusi wa mpingo huzama kabisa hata ukiwa mkavu. Mvinje na mkwaju huelea chini chini. Msufi na mbuyu huelea juu kama mashua tupu, wala mbuyu haufai kuhesabiwa katika kuni.

Angalia pia kama kipande kina moyo wa rangi nyingine katikati, maana mara nyingi moyo ni mzito kuliko mti mweupe ulio nje yake. Usipime kijiti chembamba cha tawi ukadhani umelipima gogo. Na mti uliooza au ulioliwa na wadudu ni mwepesi kwa sababu sehemu yake imekwisha potea. Ukiubonyeza kwa ukucha unaingia, au ukiugonga unamwaga unga. Huo huwaka, lakini mnunuzi asitoe bei ya mti mzima.

Mnazi nao hupoteza watu wa pwani. Shina lake ni gumu kwa nje na laini kwa ndani, na ndani humo hushika maji na kutoa moshi. Lakini vifuu vya nazi vikavu huwaka kwa joto kali, na mwenye minazi michache asivitupe.

MOTO WA KUJARIBU

Sasa washa moto mdogo uani, si mekoni, nawe usimame upande utokao upepo. Tia vipande viwili vitatu vya kuni usizozijua, ukavu wake uwe umekwisha hakikishwa, ukae uangalie.

Ziwakapo, tazama kwanza moshi. Moshi kidogo mwanzoni si neno. Lakini ikiwa ndimi zimekwisha shika na moshi mweusi au mzito bado waendelea, kuni hizo zina utomvu mwingi au hazikukauka kama ulivyodhani. Mjohoro, kwa mfano, ni kuni nzuri yenye nguvu, ila huwa na moshi, na wengi huupanda wakijua hivyo. Kisha sikiliza. Kuni zirushazo cheche kwa mlio hazifai katika nyumba ya makuti wala karibu na watoto waliolala, hata zikiwa na joto namna gani. Hizo zichome tofali. Kisha ngoja ndimi zizimike, utazame makaa: yamebaki magumu na mekundu kwa muda, au yameanguka yakawa vumbi? Kwa mapishi ya chai haidhuru. Kwa maharage, kande na mahindi, makaa ndiyo mpishi.

Mwisho tazama majivu. Mti safi huacha majivu machache sana, na gome huacha mengi zaidi. Majivu mengi kupita kiasi huziba hewa chini ya moto. Usiyatupe, lakini, yana chokaa na potasi, nayo hufaa katika shamba lenye udongo mchungu, yakinyunyizwa kidogo kidogo. Katika udongo wenye magadi yataongeza ubaya. Wala usiyachanganye na samadi mbichi ndani ya shimo moja, maana huifukuza nguvu ya samadi ikaenda zake hewani. Utaijua kwa harufu kali ya kupanda puani.

Atakaye kulinganisha kuni za namna mbili kwa haki, apime uzito sawa wa kila namna, atumie mafiga yale yale, sufuria ile ile yenye kifuniko, na maji ya kadiri moja, achemshe mara moja kwa hizi na mara moja kwa zile, mahali pasipo upepo. Ahesabu muda, tena apime kuni zilizobaki. Jambo moja asilisahau: maji hayo ayamwage. Asiyanywe wala asipikie, mpaka awe amesoma sehemu inayofuata.

KUNI ZENYE SUMU

Uko mti uitwao mharaka, uotao katika mapori makavu na kando ya mito kuanzia Kenya na Tanzania mpaka kusini mwa Afrika. Gome lake ni jeusi jeusi, lililopasuka vipande vidogo vya pembe nne kama ngozi ya mamba. Ukikatwa mbichi hutoa maziwa meupe. Moyo wake ni wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi, mzito sana, una mafuta ukiushika, na una harufu nzuri tamu ambayo haiishi upesi. Mafundi huupenda kwa samani.

Tazama basi jinsi vipimo vyetu vitakavyousifu mti huu. Ukiwa mkavu hulia vizuri ukigongwa. Ndoo ya maji itasema ni mzito. Moto wake una nguvu na makaa yake hukaa. Harufu yake humfanya mtu adhani amepata udi. Lakini moshi wake huumiza kichwa na kuchafua moyo, na chakula kilichopikwa kwa moto wake, hasa nyama iliyochomwa juu ya makaa, huwatapisha watu na kuwaharisha. Maziwa yake huwasha ngozi, na yakiingia machoni ni hatari kubwa. Haya si mambo ya kuogopeshana. Ni sababu ya yule jirani wa tatu kutikisa kichwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na katazo tu na sababu imepotea.

Kwa hiyo, mti usiojulikana ukitoa maziwa ulipokatwa, uweke kando. Najua kwamba mkuyu na mfenesi pia hutoa maziwa, na hakuna adhurikaye kwa kuni zake. Maziwa si hukumu, ni onyo la kuuliza kwanza. Mnyaa, uliopandwa kuwa ua wa boma mahali pengi, nao una maziwa yawezayo kupofusha macho, na wakataji wa ua hilo wasiviingize vijiti vyake mekoni wala wasijifute uso kwa mikono waliyokatia. Kadhalika gogo zito lenye mafuta na harufu tamu kupita desturi, lisilo na mtu wa kulithibitisha, lisitumike kuchoma nyama.

Ziko na sumu ambazo hazikutoka porini. Nguzo za simu na za umeme, na mbao zenye rangi ya kijani kibichi kijani kibichi, mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina zarniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu zaidi. Yasifike shambani wala mahali kuku wachakurapo. Mbao zilizopakwa rangi vile vile. Maganda ya korosho yana mafuta makali, na moshi wake huunguza macho na ngozi. Magogo yaliyoletwa na bahari yamejaa chumvi ilayo sufuria na majiko ya chuma. Na mikoko, ijapokuwa ni kuni nzuri nzito, katika pwani ya Tanzania imo ndani ya misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali. Mchuuzi aletaye kuni nyekundu nzito kutoka mwambao aulizwe kwanza karatasi yake.

KUTAFUTA JINA

Akiisha fahamu kwamba kuni zake zawaka vema wala hazina dalili ya maziwa wala harufu ya kushangaza, mkulima bado aweza kutaka kujua jina, hasa akitaka kuupanda mti huo mpakani mwa shamba. Hapo gogo halitoshi. Arudi mahali lilipokatwa, atafute kisiki kilichochipuka au mti wa namna ile ile ulio hai, avunje kijiti chenye urefu wa dhiraa moja chenye majani, na ua au tunda ikiwa lipo. Akitandaze kati ya karatasi kuukuu za gazeti, aweke ubao na jiwe juu yake, abadilishe karatasi kila siku mpaka kikauke. Katika karatasi ya mwisho aandike mahali kilipokatwa, tarehe, urefu wa mti, rangi ya gome, kama ulitoa maziwa au damu au haukutoa kitu, na jina uitwalo hapo kijijini. Mninga, kwa mfano, hutoa utomvu mwekundu kama damu, na habari hiyo moja yaweza kumwokolea mtaalamu kazi ya siku nzima.

Namna hii ndiyo iliyojaza kabati za Amani kwa matawi makavu ya nchi zote za Afrika ya Mashariki, mpaka hazina hiyo ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kijiti kilichokaushwa vizuri hudumu kuliko aliyekikata.

Mwenye kijiti cha namna hiyo akipeleke kwa afisa misitu au kwa Bwana Shamba wa wilaya yake, pamoja na kipande cha mti chenye urefu wa shibiri moja, gome likiwa bado limeshika.